Mkataba Mmoja, Namba Tofauti

Hotuba kwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wa rika langu na vijana wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, pale waajiri wawili wanapoungana wakawa mmoja. Humu ndani kuna watu wa bandari, wa gesi, wa saruji, wa halmashauri na wa kivuko cha Msangamkuu, na huenda mlitegemea nianze na mambo ya hapa. Nitafika. Lakini niruhusuni nianze na marubani wa Marekani, kwa sababu kwao ukongwe kazini umeandikwa kwenye orodha, kuanzia namba moja mpaka ya mwisho, na kila rubani anaijua namba yake. Mashirika mawili yakiungana, orodha mbili lazima ziwe moja. Hapo linaonekana wazi jambo ambalo kwenye kazi zetu nyingi hujificha: mkataba uleule, wenye saini zilezile, unamnyanyua mtu mmoja na kumrudisha mwenzake nyuma miaka kumi.

Tuanze na kiti. Waliokuja kutoka Dar es Salaam kwa ndege, ile tuliyozoea kuiita pangaboi, mbele walikaa watu wawili. Kushoto kapteni, kulia rubani msaidizi. Wote wana leseni, wote wanaweza kuirusha na kuitua ndege ile, lakini mishahara yao hailingani hata kidogo. Na juu ya pangaboi kuna ndege kubwa zaidi. Shirika letu la taifa lina Airbus, lina Dreamliner zinazovuka bahari. Kijana anayetua hapa Mtwara akiwa kiti cha kulia anajiuliza lini atahamia ndege kubwa na lini atakaa kushoto. Maisha yake ya kazi yamo kwenye maswali hayo mawili.

Katika mashirika makubwa ya Marekani, jibu la maswali hayo halitoki kwa meneja. Linatoka kwenye orodha. Siku unayoajiriwa unawekwa mwishoni. Walio juu yako wakistaafu, unapanda. Nafasi ya ukapteni ikitangazwa, wanaoitaka wanaomba, na anaipata aliye juu zaidi kati ya wenye sifa. Orodha hiyohiyo ndiyo inayoamua utaishi mji gani, utapata likizo Desemba au Februari, utajua safari zako mapema au utakaa stendibai ukisubiri simu. Biashara ikiharibika, wanaosimamishwa wanahesabiwa kuanzia chini kwenda juu.

Naomba mlishike na hili, maana ndiyo chanzo cha vilio vyote nitakavyovieleza. Rubani akihama shirika, haendi na namba yake. Kapteni wa miaka 20 akiacha kazi leo, akaajiriwa kwingine kesho, anaanza mwishoni mwa orodha, kiti cha kulia, mshahara wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo hana ubavu wa kusema, "Msiponitaka, naondoka." Kila mwaka anaoutumikia unamfunga zaidi kwa mwajiri yule. Namba ni mali aliyoichuma kwa ujana wake, na nje ya geti la shirika lake haina thamani yoyote.

Sasa mashirika yanaungana. Mezani zinakuja karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba wa hali bora wa pamoja: viwango vya mshahara, saa za kazi, matibabu, michango ya uzeeni. Ya pili ni orodha mpya ya ukongwe. Ya kwanza inapendeza kusoma. Ina majedwali, ina asilimia za nyongeza, mtu anatafuta ngazi yake na kuona fedha aliyoongezewa. Ya pili ni majina tu na namba. Nawaambia kwa uhakika: ya pili ndiyo inayoamua utaitumia vipi ya kwanza. Jedwali linaweza kusema kapteni wa ndege kubwa atalipwa vizuri kuliko wakati wowote uliopita. Kama namba yako mpya haikufikishi kwenye kiti hicho kabla hujastaafu, mstari ule wa jedwali umeandikiwa mtu mwingine.

Na kuna mtego. Wengi huambiwa, "Usiwe na wasiwasi, miaka yako ya kazi imetambuliwa." Ni kweli, imetambuliwa, lakini kwenye nini? Mikataba ya marubani wa Marekani hupandisha mshahara kwa miaka ya kazi, kwa kawaida ngazi 12, na baada ya mwaka wa 12 umefika kilele cha kiti ulichokalia. Miaka hiyo inahesabiwa kwa ajili ya mshahara na siku za likizo. Namba ya ukongwe ni kitu kingine kabisa. Unaweza kubaki na miaka yako 15 yote kwenye malipo, halafu ukajikuta chini ya mtu wa miaka mitatu kwenye kugombea ukapteni. Barua uliyopewa haikudanganya. Ilikujibu swali dogo ikaliacha kubwa.

Tuwachukue watu watatu wanaopigia kura mkataba mmoja. Wa kwanza ni kapteni wa miaka 62, na sheria ya Marekani inamtaka aache kurusha ndege za abiria za mashirika akifika 65. Huyu namba haimsumbui, yuko juu tayari. Anataka nyongeza iingie mwezi ujao, anataka malimbikizo, anataka asilimia inayoingia kwenye akiba yake ya uzeeni iongezwe sasa, kwa sababu amebakiwa na miaka mitatu ya kuweka. Nyongeza ya mwaka wa nne wa mkataba haimfikii.

Wa pili ana miaka 42. Ni rubani msaidizi, na kwenye shirika lake la zamani alikuwa amebakiza kidogo tu awe kapteni. Huyu ndiye anayelala macho wazi. Orodha ikiunganishwa kwa namna fulani anapata kiti mwakani. Ikiunganishwa kwa namna nyingine wanaingizwa mbele yake watu mia nne, na wengi wao ni wadogo kwake kiumri, maana yake hawatastaafu kumpisha. Nyongeza ya asilimia 15 haiwezi kumfidia miaka minane ya kusubiri ukapteni.

Wa tatu ni kijana wa miaka 27, mwenye deni la chuo cha urubani. Yeye anataka kujua kama mwakani atakuwa na kazi. Anachotafuta kwenye mkataba ni kurasa ambazo wakubwa huzipitia haraka: kifungu kinachomzuia mwajiri kupeleka safari kwa mashirika madogo ya mkataba yenye mishahara ya chini, kifungu cha idadi ya chini ya ndege, malipo ya uhakika kwa aliye stendibai.

Hawa watatu wako chama kimoja, wanalipa ada ileile. Kiongozi anayesimama mbele yao na kusema "mkataba huu ni mzuri kwenu nyote" hajasema kitu. Amwambie kila mmoja kwa nafasi yake anapata nini na anatoa nini.

Sasa orodha zenyewe zinaunganishwaje? Nitawapeleka kwenye jambo mnalolijua. Msimu wa korosho, AMCOS mbili jirani, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, kila moja na mizani yake na foleni yake. Ya kwanza ina watu 100. Walifika alfajiri, lakini mizani yao inasuasua. Ya pili ina watu 40. Walianza kufika saa nne asubuhi, na mizani yao inakwenda mbio. Katika foleni ya kwanza kuna mama yuko nafasi ya 80. Amekaa pale tangu kabla ya jua. Katika ya pili kuna kijana yuko nafasi ya 10. Hata saa moja hajamaliza. Linakuja tangazo kwamba foleni zinaunganishwa, mizani ni moja.

Mkienda kwa saa ya kufika, wale 100 wote wanakaa mbele, na kijana aliyebakiza watu tisa anatupwa nafasi ya 110. Atasema, "Mimi kwenye foleni yangu nilikuwa napima sasa hivi, mmeniletea mizani mbovu mkaninyang'anya zamu yangu." Mkienda kwa uwiano, kila mtu abaki pale alipokuwa kwa asilimia, mama anakuwa nafasi ya 112 na kijana nafasi ya 35. Mama atasema, "Mimi nimekaa hapa tangu alfajiri, huyu amefika saa nne, na amenitangulia kwa watu 77!" Niambieni yupi kati yao ni mwongo. Hakuna. Halafu kuna wale ambao foleni ya kwanza ilikuwa imewaambia, "Nendeni nyumbani, mizani ikipata nafuu tutawaita." Hao nafasi yao inahesabiwa au imepotea?

Hicho ndicho kilichotokea Marekani kuanzia 2005, karibu neno kwa neno.

US Airways lilikuwa shirika kongwe la pwani ya mashariki, na lilikuwa limefilisika mara mbili ndani ya miaka michache. America West lilikuwa shirika dogo zaidi la Arizona, kule magharibi. Waliungana Septemba 2005. Marubani wa Mashariki walikuwa takribani 5,000, zaidi ya 1,000 kati yao wakiwa wamesimamishwa kazi wakisubiri kuitwa. Wa Magharibi hawakufika 2,000, lakini walikuwa kazini na shirika lao lilikuwa likiajiri. Wa Mashariki walikuwa wameshaumizwa vibaya. Mishahara ilikatwa wakati wa kufilisika, na mfuko wao wa pensheni ulivunjwa 2003. Kitu pekee walichobakiwa nacho ni miaka yao. Wakasema: tunataka tarehe ya kuajiriwa. Wa Magharibi wakasema: bila sisi shirika lenu lingekufa, tunataka uwiano.

Wote walikuwa chama kimoja, na utaratibu wa chama ulisema mkishindwa kuelewana mnakwenda kwa mwamuzi, na uamuzi wake ni wa mwisho. Mwamuzi alikuwa George Nicolau, mtu mwenye sifa kubwa katika kazi hiyo. Alitoa uamuzi Mei 2007. Nafasi za juu kabisa, mia tano na ushei, aliwapa Mashariki, kwa sababu ni wao waliokuja na ndege kubwa za safari ndefu. Waliokuwa wamesimamishwa kazi siku ya muungano aliwaweka chini. Waliobaki katikati aliwachanganya kwa uwiano. Matokeo yake, rubani wa Mashariki aliyeajiriwa mwishoni mwa miaka ya 1980 alijikuta yuko jirani kwenye orodha na rubani wa Magharibi aliyeajiriwa mwaka uleule wa muungano.

Fikirini yule mtu. Miaka 17 ya kazi, mshahara umekatwa, pensheni imeyeyuka, na sasa jirani yake ni mgeni wa miezi. Mimi uchungu wake naufahamu na sitamlaumu kwa kulia. Ila walichofanya baadaye nakilaumu.

Wa Mashariki walikuwa wengi. Wakaunda chama kipya, USAPA, wakaandika ndani ya katiba yake kwamba orodha itafuata tarehe ya kuajiriwa, na Aprili 2008 wakapiga kura kukitoa chama cha zamani. Kwa wingi wao walishinda. Wa Magharibi, ambao hawakuwa na idadi ya kuzuia lolote, sasa wakawa wanawakilishwa kwa lazima na chama kilichoundwa ili kuitupa orodha yao. Wakaenda mahakamani Phoenix. Mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama likasema chama kimevunja wajibu wake wa kuwawakilisha wote kwa haki. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu kwa hoja kwamba shauri limeletwa mapema, kwa kuwa mkataba wa pamoja ulikuwa bado haujasainiwa.

Tafakarini hapo. Mkataba ukisainiwa, kesi inafunguka. Mkataba usiposainiwa, orodha ya Nicolau haianzi kutumika. Basi haukusainiwa. Miaka ikapita. Ndege zina rangi moja na nembo moja, lakini marubani wa Mashariki hawaruhusiwi kurusha za Magharibi, wala wa Magharibi za Mashariki. Mikataba miwili chini ya paa moja. Wa Mashariki wakaendelea kulipwa viwango vilivyokatwa wakati wa kufilisika, chini ya wenzao wa mashirika mengine makubwa, mwaka baada ya mwaka. Wale makapteni wa miaka 60, waliokuwa wengi upande wa Mashariki, walistaafu bila kuuona mkataba mpya. Mwajiri hakuhitaji kufanya lolote. Ugomvi wa wafanyakazi ulimwekea akiba fedha ambazo angelazimika kuzitoa mezani.

Na Desemba 2007 ukaja msumari mwingine ambao haukuhusu muungano: umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka 60 hadi 65. Kwa waliokuwa juu, hiyo ni miaka mitano zaidi ya mshahara mnono. Kwa waliokuwa chini, ni miaka mitano ambayo karibu hakuna anayeondoka kuwapisha. Sheria moja, na kila mtu aliisoma kwa namba yake.

Suala lile halikufungwa mpaka US Airways ilipoungana tena, safari hii na American Airlines, Desemba 2013. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi wa Magharibi. Septemba 2016 jopo la waamuzi likatoa orodha moja ya makundi yote matatu. Kutoka 2005 mpaka 2016 ni miaka 11. Mtoto aliyezaliwa siku ya muungano wa kwanza alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi.

Msidhani lazima iwe hivyo. Delta na Northwest waliungana 2008, na yale yalikuwa makubwa zaidi. Viongozi wa marubani wa pande zote walikaa na kampuni wakaupitisha mkataba wa pamoja kabla muungano haujakamilika. Marubani wa pande zote wakapata hisa. Muungano ukafungwa mwishoni mwa Oktoba, na suala la orodha likapelekwa kwa waamuzi waliotoa uamuzi Desemba mwaka huohuo. Wapo walionung'unika, orodha isiyo na manung'uniko sijaiona. Lakini mshahara mpya ulianza kuingia, na nafasi mpya zikagombewa kwa orodha moja.

Upo pia mfano wa tatu, TWA, shirika lililonunuliwa na American mwaka 2001. Wahudumu wa ndani ya ndege wa TWA waliwekwa wote chini ya orodha ya American. Mtu wa miaka 25 ya kazi aliwekwa chini ya aliyeajiriwa juzi. Marubani wao wengi nao waliwekwa chini, ingawa baadhi walipewa kinga ya muda kwenye kituo cha St. Louis. Miezi michache baadaye yakatokea mashambulizi ya Septemba 11, abiria wakatoweka, na upunguzaji ukaanzia chini, yaani kwao. Uchungu wa watu wale ndio uliozaa sheria ya mwaka 2007 inayoitwa kwa majina ya maseneta wawili wa Missouri, McCaskill na Bond. Sheria hiyo inataka orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, na pande zikishindwa kuelewana ziende kwa mwamuzi. Haikuwarudishia wahudumu wa TWA miaka yao, lakini imewazuia wengine wasifanyiwe hivyo.

Nimetaja kinga, niielezee kidogo, kwa kuwa ndipo majadiliano mazuri hufanyika. Orodha haiwezi kumpendeza kila mtu, kwa hiyo wenye busara huizungushia masharti. Sharti la kwanza: hakuna kumng'oa mtu kwenye kiti anachokikalia leo, namba mpya itumike kwa nafasi mpya tu. Sharti la pili ni uzio wa muda: waliokuja na ndege kubwa wabaki nazo kwa miaka kadhaa, waliokuja na kituo fulani wabaki nacho, halafu baada ya muda uzio uondolewe. Chama kilekile kilichotolewa na watu wa Mashariki baadaye kiliandika kwenye utaratibu wake kwamba waamuzi watazame mambo matatu kwa pamoja: miaka ya kazi, kiti na aina ya ndege, na matarajio ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya muungano. Mama wa alfajiri anaonekana humo, na kijana aliyekaribia mizani anaonekana pia.

Sasa turudi nyumbani.

Hapa kwetu wafanyakazi wengi hatuna orodha ya namba, na ndiyo maana madhara yanachelewa kuonekana. Lakini tumeungana na tumetengana mara nyingi. Wazee waliofanya kazi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, pamoja na shirika lake la ndege, ilipovunjika 1977 walidai mafao yao kwa miongo mingi. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, kilipobadilishwa, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliyeajiriwa juzi walisikia tangazo moja. Yule wa kwanza alikuwa ameshapanga kiwanja, bati na ada ya mtoto kwa hesabu ya zamani. Wa pili alikuwa na miaka 30 ya kujipanga upya. Kanuni zilizoanza Julai 2022 ziliweka malipo ya mkupuo asilimia 33 kwa wote, na mnakumbuka kelele zilitoka kwa akina nani: walimu na wauguzi waliokaribia mlango wa kutokea.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa matawi, mwajiri wenu akitangaza kuungana na mwingine, msianze na swali la asilimia ngapi. Ulizeni miaka yetu itahesabiwa kwenye nini: kwenye mshahara tu, au pia kwenye kupandishwa cheo, kuchagua kituo, na kupunguzwa? Kanuni zetu za utendaji bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007, zinautaja ule utaratibu wa wa mwisho kuingia kuwa wa kwanza kutoka kama kigezo kimojawapo cha kuchagua wa kupunguzwa. Wa mwisho kuingia wapi? Kwenye kampuni ya zamani au mpya? Kama mkataba umekaa kimya, atakayejibu ni mwajiri, na atajibu siku ambayo hamna nguvu.

Someni pia kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri anayekusudia kupunguza watu anatakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana juu ya namna ya kuwachagua wa kupunguzwa. Kiinua mgongo cha kifungu cha 42 ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Mtu wa miaka 22 kazini analipwa kama wa miaka kumi, isipokuwa mkataba wenu wa hali bora uwe umeweka zaidi. Kwa hiyo kwa mkongwe, kipengele hicho cha mkataba kina uzito kuliko nyongeza ya mwaka mmoja. Kwa kijana, ushauriano wa kifungu cha 38 ndio ngao yake.

Na hili la wingi nalisema kwa msisitizo, hasa kwa matawi makubwa. Kwa sheria yetu, chama chenye wanachama zaidi ya nusu kwenye kundi la majadiliano ndicho kinachotambuliwa, na mkataba kinaousaini unawafunga wote waliomo kwenye kundi hilo, hata wasio wanachama. Sehemu kubwa ikiungana na ndogo, ile kubwa ina kura za kufanya inachotaka. Watu 5,000 waliwapigia kura watu 2,000 na wakashinda, na ushindi ule ukawaacha na mshahara wa kufilisika mpaka nywele zikawa nyeupe. Sehemu ndogo ipeni wasemaji wake wenyewe, na mwanasheria wake ikihitaji, kabla ya kukaa meza moja na mwajiri. Waliosimamishwa kwa muda na walio likizo bila malipo nao waitwe. Ni wafanyakazi wenu, na wao ndio hupotea kwenye karatasi kwa kuwa siku ya kuhesabiana hawapo ukumbini.

Mkishindwa kuelewana ninyi kwa ninyi, kubalianeni juu ya mwamuzi kabla hamjajua atampendelea nani, halafu akishatoa uamuzi muuheshimu, hata ukiwauma. Siwaambii kwamba mwamuzi hakosei. Lakini mtu aliyekubali kuamuliwa, akaona ameshindwa, akatafuta wingi wa kuivunja ahadi yake, hatapata mtu wa kuketi naye meza moja safari ijayo.

Mkataba ukikamilika uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi. Orodha ya watu na tarehe zao za kuajiriwa iwe kiambatisho cha mkataba huo, kila mmoja aione na kuisahihisha kabla ya saini. Nimeshaona tarehe za kuajiriwa zilizoandikwa upya kwa kalamu ya ofisi baada ya muungano, "ajira mpya kuanzia leo", na mzee wa watu hana hata nakala ya barua yake ya kwanza. Rudini nyumbani mzitafute barua hizo. Zipigeni picha, wapeni watoto wenu nakala, tawi liwe na faili lake.

Baada ya chai tutagawanyika kwa meza: bandari na kivuko huku dirishani, gesi na saruji katikati, halmashauri upande wa mlango. Kila meza ichukue mkataba wake wa sasa na kutafuta ni vifungu vingapi vinataja miaka ya kazi, na kila kifungu kinampa nini mtu wa miaka miwili, wa kumi na wa ishirini na tano. Nitapita kila meza. Asanteni sana kwa kunisikiliza.